Siku Thelathini na Tatu za Verdiana

Shanwe, Mpanda
4 Machi 1973

Mdogo wangu Verdiana,

Tumsifu Yesu Kristu. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto wako wawili. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Romana anasumbuliwa na jino la nyuma, lakini hataki ling'olewe. Anasema jino ni lake. Mimi kazi yangu ya ukarani wa mizigo pale stesheni inakwenda vizuri. Mwezi uliopita mkubwa wetu alisema mbele ya makarani wote kwamba mwandiko wangu kwenye hati za mizigo unasomeka kuliko wa mtu yeyote kutoka hapa hadi Tabora. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka tu ujue anayekuandikia ni mtu wa namna gani.

Sasa jambo lenyewe. Marehemu mume wako Damiano, Mungu amlaze pema, alituacha Septemba. Mvua zikikatika na mpunga ukishavunwa, mwaka utakuwa unatimia na msiba utaondolewa. Mdogo wake marehemu, shemeji yako Apollinarie, alipita hapa kwangu mwezi wa pili, akakaa siku mbili. Tulizungumza kama watu wazima. Ukoo wao umekaa ukaamua kwamba yeye ndiye atakayekurithi: wewe, watoto, nyumba, na lile shamba la mpunga la mtoni. Kwa kuwa baba yetu hayupo na mimi sasa ndiye baba, nimekubali kwa niaba yako, nikijua utafurahi.

Apollinarie ni mtu mpole, Verdiana. Alikula chakula cha Romana siku mbili mfululizo bila kusema neno. Mtu mwenye uvumilivu wa namna hiyo atakufaa.

Nijibu upesi, ingawa jibu lenyewe tunalijua.

Kaka yako,
Telesphor


Kibaoni
29 Machi 1973

Kaka Telesphor,

Milele amina. Barua yako ya tarehe nne nimeipata jana. Lori la Halfani lilizama kwenye tope kabla ya kufika Sitalike, likakaa humo siku kumi na mbili. Halfani, ambaye ndiye anatubebea barua pamoja na chumvi na sabuni za duka lake, anasema kila kitu kililowana ila barua yako, ndiyo pekee iliyofika kavu. Nilipoisoma nikaelewa kwa nini.

Watoto hawajambo. Marsela aliugua surua, amepona, sasa anakula kama mlinzi wa shule. Mpunga umesimama vizuri. Mpe pole wifi Romana, na mwambie asitetereke: jino ni lake.

Umeandika kwamba umekubali kwa niaba yangu ukijua nitafurahi. Kaka, hiyo furaha nimeitafuta. Nimetazama uvunguni, nimetazama nyuma ya mtungi, nimeinamia hata ndani ya kihenge. Haimo. Labda mliimaliza nyie wawili katika zile siku mbili.

Lakini hata ningekuwa nayo, umechelewa. Nimekwisha amua kujitoa kwingine. Sista Getrude wa misheni alikuja huku mwanzo wa Kwaresima akatufundisha sisi wanawake wa chama cha Legio ya Maria namna ya kujiweka wakfu kwa Bikira Maria. Mtu anajiandaa siku thelathini na tatu kwa sala na kujikagua, na zikiisha anampa Mama Maria kila alichonacho: mwili, roho, mali, hata sala zake, Mama azitumie atakavyo. Sala zote nimezinakili kwenye daftari. Nitaanza tarehe 13 Julai, mpunga ukiwa ndani, ili nijitoe siku ya Kupalizwa kwake mbinguni, tarehe 15 Agosti. Katekista Eustace atanisaidia pale mwandiko wangu unapopotea, maana si wote tunaosomeka hadi Tabora.

Kwa hiyo ukoo wakiuliza, waambie mimi si wangu tena. Waende wakamuombe mwenyewe. Sanamu yake iko kanisani, upande wa kushoto, wala haina haraka.

Nasikia siku hizi unawahi sana kazini. Miguu haijambo?

Ni mimi mdogo wako,
Verdiana


Shanwe, Mpanda
6 Mei 1973

Mdogo wangu Verdiana,

Tumsifu Yesu Kristu. Tu wazima. Romana bado ana jino. Barua yako nimeisoma, na kama isingekuwa imefika kazini ningecheka kwa sauti.

Wewe unadhani mimi sijui dini. Nilitumikia altareni miaka sita. Basi Jumapili baada ya misa nilimfuata Padre hapa mjini nikamuuliza waziwazi: Je, mwanamke aliyejiweka wakfu kwa Bikira Maria anazuiwa kuolewa? Padre akanijibu: Hapana. Akaeleza kwamba hiyo si nadhiri ya masista. Ni ibada ya mtu yeyote, aliyeoa, aliyeolewa, hata mwenye watoto kumi. Nilimwomba arudie, akarudia. Romana alikuwa karibu, alisikia.

Unaona sasa? Mama Maria mwenyewe hakukatazi. Unajificha nyuma ya sketi yake kama mtoto aliyevunja chungu. Jiweke wakfu, hakuna anayekukataza. Lakini ukishamaliza siku zako, ufungashe vyombo kwa amani. Utampelekea Apollinarie mke mwenye baraka, naye atashukuru.

Ukoo wamepanga kuondoa msiba na kukukabidhi Jumamosi tarehe 11 Agosti. Siku nne kabla ya hiyo sikukuu yako. Nimewaambia wasubiri wiki moja, wamekataa, wanasema pombe haisubiri.

Kaka yako,
Telesphor

Kuhusu miguu, sikuelewa swali.


Kibaoni
2 Juni 1973

Kaka Telesphor,

Milele amina. Tunavuna. Nakuandikia nikiwa na makapi ya mpunga ndani ya nywele, mgongo umekataa kunyooka. Watoto wazima. Mzee Eustace alianguka na ngazi ya kanisa akipaka chokaa, hakuumia, ila sanamu ya Mtakatifu Yosefu sasa ina doa jeupe kwenye kilemba.

Nashukuru ulikwenda kwa Padre. Yote aliyosema ni kweli, hata Sista Getrude alituambia hivyohivyo. Nina swali moja tu, nawe unijibu kama mtumishi wa altare. Ulipomuuliza kama ninaruhusiwa kuolewa, ulimwambia kwamba huyo bwana ana mke? Maana Apollinarie ana mke wa ndoa, Tereza, aliyefunga naye ndoa mbele ya sanamu hiyohiyo ya upande wa kushoto, na wewe ulikuwepo, ulikula mapaja mawili ya kuku. Na ulimwambia kwamba ni ndugu wa damu wa marehemu mume wangu? Au Padre ulimpimia maneno kama unavyopima mizigo?

Naye Apollinarie amekuja hapa, Jumanne, pamoja na wazee wawili. Nilikuwa napiga mpunga. Hakunisalimia.

"Nasikia umeolewa na sanamu," akasema.

"Sijaolewa. Nimeamua kujitoa kwa Mama Maria."

"Unajitoaje wakati ulikwisha tolewa? Mahari ilitoka kwetu."

"Ilitoka kwa Damiano. Damiano tumemzika."

"Na shamba la mtoni, nalo umempa Maria?"

Nikamwambia kila nilicho nacho nitampa, naye akitaka kulima ataniambia. Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Apollinarie akasema nikikataa, shamba hilo linarudi kwenye ukoo, mimi nitabaki na nyumba na hicho kijishamba cha karanga cha nyuma. Halafu wakaondoka kwa miguu. Kwa miguu, Kaka! Mtu aliyekuwa na baiskeli ya kuringia Mpimbwe nzima, yenye kengele mbili na kiti kilichovishwa ngozi ya swala.

Nikamuuliza Halfani kama ndiyo ile aliyonidokeza mwezi wa tatu kwamba unawahia kazini. Halfani ni mfanyabiashara, hasemi uongo bila faida. Akaniambia baiskeli hiyo anaiona kila asubuhi mjini, inatoka Shanwe kwenda stesheni, kengele zote mbili zinalia, na juu yake amekaa karani mmoja mwenye mwandiko mzuri.

Ndiyo maana niliuliza habari za miguu.

Verdiana


Shanwe, Mpanda
25 Juni 1973

Verdiana,

Baiskeli ni zawadi ya shemeji kwa shemeji. Mtu mzima hupewa zawadi. Nisingetaka kulirudia jambo hili.

Umenivunjia heshima kwa maandishi, na Halfani nitazungumza naye. Mimi nimetoa neno langu kwa wazee wa watu. Tarehe 11 Agosti utakuwa umekaa kwenye mkeka, umeoga, umejifunika, na utafanya kama wanawake wengine wote wanavyofanya. Sitaki kusikia habari za daftari.

Tena uwe na shukrani. Ukoo ule ulikupokea vizuri, na marehemu Damiano alikuwa mtu mwema kwako. Ndugu yake atakuwa vilevile.

Telesphor


Kibaoni
31 Julai 1973

Kaka Telesphor,

Milele amina, ingawa safari hii hukunisalimu.

Mpunga uko ndani. Watoto wazima. Leo ni siku ya kumi na tisa ya sala zangu, siku ya mwisho ya wiki wanayoiita ya kujijua. Barua yako nilikaa nayo wiki tatu bila kuijibu. Nilitaka kwanza kicheko kinirudie, lakini hakikurudi chote.

Nianze na mimi. Niliianza ibada hii kwa ujanja. Umesema najificha nyuma ya sketi ya Mama Maria, na ni kweli nilijificha. Nilijua ukoo wao wanamwogopa kuliko wanavyoniogopa mimi, nikasema basi nitasimama hapo. Siku kumi na mbili za kwanza nilisali nikimtajia jina moja tu, Apollinarie. Mama Maria atakuwa amechoka nalo.

Lakini wiki hii ya kujijua hairuhusu kumtaja mwenzako. Unakaa, unajitazama mwenyewe. Basi nilikaa, na kilichonijia kila siku ni ungo. Damiano alikufa kwa homa, siku ya nne. Siku ya tatu, mchana, mimi nilikuwa nje napeta mpunga, yeye ndani akaniita nimpe maji. Nilimsikia. Aliita mara tatu. Kaka, nilimaliza kupeta ungo wote. Nikamwaga makapi, nikaukung'uta, nikauegemeza ukutani, ndipo nikampelekea maji. Aliyanywa. Hakufa kwa kiu. Lakini nilimaliza ungo kwanza, na sikulia machozi ya kweli hata siku tuliyomzika. Juzi nilikwenda misheni kwa miguu nikaungama. Padre hakunigombeza, akaniuliza: "Alikutendea nini?"

Ndiyo nafika kwenye barua yako. Umeandika kwamba Damiano alikuwa mtu mwema kwangu.

Mwezi wa tano mwaka 1969 nilishuka kwenye lori mbele ya nyumba yako hapo Shanwe, mkono wa kushoto umevunjika. Ulitoka na kikombe cha chai. Romana ndiye aliyeufunga mkono kwa vipande vya mwanzi na kanga yake mpya. Romana ndiye aliyeniuliza umevunjikaje, nikamwambia kwa mchi wa kinu. Wewe hukuuliza. Siku ya tatu ulisema mwanamke hakimbii nyumba yake, ukanipandisha juu ya magunia ya chumvi, ukamwambia dereva aende polepole. Nakumbuka ulimwambia aende polepole, na nimekuwekea hilo kama jema lako.

Mkono huu haunyooki mpaka leo. Wewe mwenye macho ya kusoma hati, hujauona?

Apollinarie alikuwepo siku ile ya mchi. Alikuwa amekaa kizingitini anakula muwa. Aliendelea kula.

Basi ndilo hilo. Sina tena ujanja. Tarehe 11 wakija watanikuta ninasali, maana itakuwa siku ya thelathini na sala za siku hiyo ni ndefu. Wanawake wa Legio wanasema watakuja kunisindikiza. Wewe ukija kuwa shahidi wao, njoo na kofia utakayoweza kuivua.

Verdiana


Shanwe, Mpanda
24 Agosti 1973

Mdogo wangu Verdiana,

Tumsifu Yesu Kristu. Nimerudi salama. Tulionana Kibaoni lakini hatukuzungumza, kwa kuwa wewe ulikuwa katikati ya wanawake na mimi nilikuwa upande wa wanaume, na jioni ileile nikapanda lori. Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo hukuyaona.

Barua yako Halfani aliniletea tarehe tisa. Niliisoma stesheni, nikaikunja. Nyumbani Romana akaikuta mfukoni alipofua shati. Alinitazama akasema, "Nilikuwa nangoja ukumbuke mwenyewe. Ni mwaka wa tano huu." Alirudi kufua, na nikaona afadhali angenitukana.

Jumamosi nikaomba ruhusa kazini, nikapanda baiskeli ile nikaja. Usinicheke. Au cheka, sasa unaruhusiwa. Nililala Sitalike. Jumapili nikaingia pori la Katavi, na nzi wa ndorobo walinila hadi ndani ya soksi. Ukisimama wanakufunika, ukikimbia wanakimbia na wewe. Mnyororo ulikatika mara mbili, na nikalala tena kwenye kibanda cha watu wa barabara. Jumatatu, jua limepanda, nikaingia Kibaoni nikiwa na uso uliovimba kama boga, kengele moja imeanguka porini.

Nilitegemea kukuta mambo yamekwisha. Nikasikia "Salamu Maria" kabla ya kuona paa lako.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, watu wanane, kofia magotini. Mtungi wa pombe ulikuwa umefunikwa. Nikamuuliza mzee Lyamba, baba mkubwa wao, ambaye ndiye mkuu wa ukoo, kuna nini.

"Tumekuja Jumamosi kumchukua," akasema. "Tukakuta wanasali. Tukangoja wamalize. Ni siku ya tatu leo."

"Hawamalizi?"

"Wanamaliza Rozari, wanaingia Litania. Wanamaliza Litania, wengine wanakuja wenye uji, wanaanza upya Matendo ya Furaha. Wanapokezana."

Apollinarie akasema, "Baba, inuka uwaambie wanyamaze."

Mzee Lyamba akamgeukia. "Niinuke mimi? Nikatize Rozari? Mimi nitakufa mwaka huu au ujao, mwanangu. Sitaki kufika kule nikiwa na kesi na mama wa mwenye nyumba. Inuka wewe."

Apollinarie hakuinuka.

Hapo ndipo mwanamke aliyekuwa anaongoza Rozari akakaa, na mwingine akasimama kushika zamu. Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, hukuona nyuso zetu. Aliyesimama alikuwa Tereza.

"Huyo ni mke wangu," Apollinarie akasema.

"Tunamwona," mzee Lyamba akasema.

Tereza hakutazama upande wetu. Akafanya ishara ya msalaba, akatangaza kwa sauti ambayo Halfani aliisikia akiwa barazani kwake: "Kumi hili la Rozari tunamwombea Apollinarie, atosheke." Na wanawake wote wakaitikia. Verdiana, nilimwona mzee Lyamba akiitikia pia. Sijui kama ni mazoea au ni makusudi. Alifika hadi "saa ya kufa kwetu" akasema Amina kwa nguvu.

Ndipo nikaisukuma baiskeli mpaka mbele ya Apollinarie, nikaiegemeza kwenye goti lake, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine.

"Nimekuletea kitu chako," nikamwambia. "Na neno nililokupa mwezi wa pili nalirudisha pia. Halikuwa langu kulitoa."

Akaitazama. "Imechakaa."

"Imechakaa kwa safari ya kukurudishia."

Akataka kusimama kwa hasira, lakini baiskeli ilikuwa juu ya mguu wake. Mmoja akacheka, kisha wote. Nadhani ni kicheko kile kilichomaliza shauri, maana mtu aliyechekwa na ukoo wake mwenyewe hawezi tena kuchukua mke mbele yao. Mzee Lyamba akavaa kofia akasema nyumba ni yako na watoto wakae kwako, ila shamba la mtoni linarudi kwenye ukoo. Hapo nilitakiwa kuongea. Mdogo wangu, sikuongea. Niliogopa kwamba nikidai na shamba, yote yataharibika. Huenda nilikosea tena. Wakaondoka na mtungi wao.

Nilipiga magoti nyuma ya wanawake kwa makumi mawili ya mwisho. Sijui kama uliniona.

Nilirudi na lori la Halfani, juu ya magunia ya mpunga. Nina mikono mizima miwili, na bado kila shimo lilinifika kwenye mifupa. Kule juu nilikuwa na muda wa kutosha wa kutafuta neno la kukuandikia, na nimelipata moja tu. Umesema sikuuliza mkono ulivunjikaje. Sikuuliza kwa sababu nilijua. Nilijua tangu uliposhuka kwenye lori, kabla sijaweka kikombe chini. Kama ningeuliza ungenijibu, na ungenijibu nisingeweza kukurudisha, na nisingekurudisha ningetakiwa kurudisha ng'ombe wa mahari yako, ambao mimi nilikuwa nimewatumia kumwoa Romana.

Hilo ndilo. Nakuomba unisamehe. Nijibu upesi, na safari hii jibu silijui.

Telesphor


Kibaoni
20 Septemba 1973

Kaka Telesphor,

Milele amina. Sisi wazima. Marsela yuko darasa la nne na anamsahihisha mwalimu. Mzee Lyamba hajafa, jana alikuwa kwenye mchezo wa bao, ameshinda.

Nilikuona. Mtu mwenye uso wa boga akipiga magoti anaonekana.

Tarehe kumi na nne nilikwenda misheni na Tereza, tukalala kwa masista, na siku ya Kupalizwa baada ya misa nikajitoa. Nilidhani kutakuwa na jambo kubwa. Tulikuwa watu watano, mbuzi wa misheni alikuwa amechungulia mlangoni. Nikasoma sala kutoka kwenye daftari, nikatia sahihi kwenye karatasi, Padre akatubariki. Nikatoka nje nikiwa na njaa. Lakini njiani kurudi, Tereza aliniambia maneno mengi kuhusu nyumba yake, na mimi nikamsikiliza mpaka mwisho bila kumtolea mfano wangu. Nadhani ndipo nilipoanza kuona nimekabidhi kitu.

Shamba la mtoni wamekwisha lichukua. Nililia siku nzima, kwa sababu udongo ule ni mzuri na nilikuwa nimeulima mwenyewe miaka tisa. Usinifanye mtakatifu. Siku hiyo nilimwambia Mama Maria kwamba nilipompa mali zangu nilikuwa na maana nyingine. Msimu huu nitapanda mpunga kwenye kipande cha Tereza, chini ya kile kisima chao. Apollinarie hasemi kitu. Siku hizi akitaka kusema, Tereza anatoa rozari mfukoni na yeye anakumbuka ana shughuli.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilishukuru kwamba umesema kweli. Mara ya pili nilifika kwenye wale ng'ombe, nikataka kuichana. Kwa hiyo mkono wangu ulirudi kwenye kinu ili wewe ubaki na mke. Na mke mwenyewe ndiye aliyeufunga. Je, Romana anajua hilo la ng'ombe? Mwambie wewe, kabla sijamwambia mimi.

Mara ya tatu nilisoma pale ulipoandika kwamba jibu hulijui. Hilo nimelipenda. Kaa nalo.

Kaka, sijakusamehe. Nimejaribu, nimeona ninatamka tu. Apollinarie nilimsamehe katika wiki moja, maana sikuwahi kumtegemea. Wewe ndiye niliyekupandia lori. Basi nimechukua lile daftari, nimeanza siku thelathini na tatu nyingine, na safari hii simwombi Mama Maria anifiche, namwomba moyo mkubwa wa kufanya hili moja. Leo ni siku ya nne. Wiki ya kujijua bado iko mbele, naiogopa.

Usiniandikie mpaka ziishe. Zikiisha nitakuandikia mimi, ama nimeweza, ama naanza tena.

Msalimie wifi Romana. Mwambie kanga yake ninayo, nimeitunza.

Verdiana